Okidi ndogo za ardhini: kuzitafuta, kuzilea na kuziacha zilale

Mtu akitaja okidi, wengi huwaza mmea wenye mizizi inayoning'inia hewani na shada la maua linalokaa mezani miezi mitatu. Hizi si hizo. Ninazozungumzia huishi udongoni, na nyingine zina jani moja tu lenye umbo la moyo, pana kiasi cha kifungo cha koti, lililolala bapa juu ya ardhi. Ua likija huchomoza katikati ya jani hilo kama kofia ya askari iliyoanguka njiani. Usipoinama, huoni kitu. Wanaozipenda hutambulika kwa magoti yenye udongo na kioo cha kukuzia mfukoni.

Nusu ya mwaka nyingi hazionekani kabisa. Jani hugeuka njano, shina hukauka, na chungu hubaki na udongo na lebo. Hapo ndipo huuawa zaidi. Mwenyewe hudhani mmea umekufa, anauongezea maji ili ufufuke, na kiazi kilichokuwa kizima huko chini kinaoza. Za kwangu za kwanza nilizimaliza hivyohivyo, kwa huruma. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata nitakuwa nikirudi kwenye kalenda ya usingizi wa mmea. Ukijua unalala lini na unaamka lini, mambo mengine karibu yote, kuanzia siku ya kuagiza mpaka kipimo cha maji, yanajipanga nyuma yake.

Hatua ya 1: Chagua kwa kalenda, picha baadaye

Kabla hujatoa hela, jiulize kama unapoishi kuna msimu wa baridi wa kweli, yaani miezi kadhaa ambayo usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 5 za selsiasi. Jibu hilo litakuondolea nusu ya orodha.

Kama joto halipungui mwaka mzima, anza na zile ambazo wakuzaji huziita okidi vito. Macodes petola, ya misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ina jani la kijani lenye mtandao wa mistari ya dhahabu; ukilimulika kwa tochi linametameta. Ludisia discolor ina jani la rangi ya damu ya mzee lenye mistari ya shaba. Anoectochilus ni ndugu zao. Hizi hazina kiazi wala hazilali: shina lao nene hutambaa juu ya majani yaliyooza na kuteremsha mizizi linapogusa. Zinataka nyuzi 18 hadi 27, kivuli, na hewa yenye unyevu. Hata mtu wa nchi ya baridi anaweza kuzilea ndani ya sanduku la kioo. Ndugu yao mwingine, Goodyera, ana spishi za misitu ya baridi kali ambazo joto la ndani ya nyumba huzidhoofisha, hivyo usinunue Goodyera kwa kuangalia jani peke yake.

Kundi la pili huota wakati wa baridi na kulala wakati wa joto na ukame. Ndiyo kalenda ya kusini mwa Australia na ya nchi zinazoizunguka Mediterania. Humu mna Pterostylis zenye ua la kijani lililofungwa kama kofia ya joho, Acianthus zenye vijiua kama mbu, na Corybas, zile za jani moja na kofia ya askari. Mna pia Ophrys za Mediterania, ambazo ua lao humdanganya nyuki dume akidhani amepata mke. Majani hutoka mvua za kwanza za majira ya kupukutisha zikianza, maua huja kati ya baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua, na joto likipanda kila kitu hurudi ardhini.

La tatu ni kinyume chake: huota wakati wa joto na kulala wakati wa baridi. Ponerorchis graminifolia ya Japani, ndogo ya kukaa kwenye kikombe, imo humu. Stenoglottis fimbriata ya kusini mwa Afrika pia, yenye majani ya madoadoa yaliyopangana kama petali za waridi. Wa kwanza kupendwa na watu, hata hivyo, huwa ni Habenaria radiata. Si fupi sana ikiwa na ua, ila kiazi chake ni kama punje ya choroko na jani lake ni jembamba kama nyasi. Wajapani huiita sagisō, nyasi ya yangeyange, na ukiliona ua huhitaji kuelezwa sababu: jeupe pepe, mbawa zimetandazwa na ncha zake zimechanika, kama yangeyange anayetua.

Kuna pia Nervilia, ambazo huchanganya watu kwa namna yake. Ua hutoka kwanza bila jani lolote. Likishanyauka ndipo jani moja huchomoza na kufanya kazi ya msimu. Nyingi ni za nchi za joto zenye kiangazi kikavu, kwa hiyo zinawafaa wasio na baridi lakini wanaotaka kiazi na si vito.

Ushauri wangu kwa anayeanza: penye baridi chukua Pterostylis curta au Pterostylis nutans, ambazo huongezeka zenyewe kama magugu ukizipatia, kisha uende kwenye Corybas. Pasipo na baridi chukua Ludisia kwanza, kisha Macodes. Uadimu na ugumu ni vitu viwili tofauti. Zipo okidi adimu porini ambazo kwenye chungu hazina shida, na zipo za kawaida huko zinakoota ambazo hakuna mtu wa nyumbani anayeziweza. Caladenia nyingi ziko upande huo mgumu: hutegemea kuvu yao maisha yao yote, na mwaka mmoja bila kuvu hiyo kiazi husinyaa. Mwisho kabisa wa mstari kuna Rhizanthella gardneri ya Australia Magharibi, iliyogunduliwa mwaka 1928, ambayo huishi na hata kutoa ua chini ya ardhi, ikilishwa na kuvu iliyoungana na mizizi ya kichaka cha Melaleuca. Hiyo isome tu.

Hatua ya 2: Kuitafuta bila kuiba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mitego.

Kila mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula ndani yake, na porini haioti mpaka iingiliwe na kuvu fulani ya udongoni inayoilisha. Mfaransa Noël Bernard aliligundua hilo mwaka 1899. Okidi nyingi za ardhini hubaki na uhusiano huo hata zikikua. Anayechimba mmea porini anang'oa nusu ya kiumbe na kuacha nusu nyingine ardhini. Mmea huo unaweza kutoa ua msimu wa kwanza kwa akiba iliyomo kwenye kiazi, mnunuzi akafurahi na kumsifu muuzaji. Msimu wa pili kiazi kipya kinakuwa kidogo. Wa tatu hakipo.

Yalinikuta. Nilinunua mfuko wa viazi kutoka kwa muuzaji mwenye picha safi na bei nafuu. Vilifika vikiwa na udongo mwekundu wa msituni, kipande cha mzizi wa mti usiojulikana, na ukubwa usiolingana, kimoja kama njugu na kingine kama mtama. Nilijua nilichonunua siku hiyohiyo, na baada ya miaka miwili sikuwa na hata kimoja.

Viazi vya kitaluni huonekana. Ni safi, vinakaribiana kwa ukubwa, ngozi yake ni nyororo isiyo na michubuko ya jembe, na huuzwa vikiwa vimelala. Muuzaji anayekupa mmea wenye ua na udongo wa asili huku akikuambia umetoka "shambani kwake" mwulize maswali matatu: umeuzidisha kwa miaka mingapi, kwa viazi au kwa mbegu, na unaulaza mwezi gani. Mkuzaji wa kweli atakujibu kwa dakika ishirini na huenda akakuchosha. Mchimbaji atakuambia umwagilie mara mbili kwa wiki.

Sheria nayo ina meno. Okidi zote duniani zimo kwenye CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Karibu zote ziko Kiambatisho cha II, maana yake biashara ya kuvuka mpaka inahitaji kibali. Chache, zikiwemo Paphiopedilum na Phragmipedium zote, ziko Kiambatisho cha I, na za porini haziruhusiwi kuuzwa nje kibiashara. Juu ya hapo nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja alinunua okidi nzuri kando ya barabara nchini Peru, akaipeleka Florida bila vibali. Ilikuwa spishi mpya, ikapewa jina Phragmipedium kovachii kwa heshima ya aliyeibeba, na kesi ikafuata mpaka mahakamani. Jina limebaki, na kila anayelitamka anakumbuka kesi.

Habari njema ni kwamba mkataba huohuo umeacha mlango wazi. Kwa spishi za Kiambatisho cha II, mbegu na maganda yake hayabanwi na CITES, na vilevile miche iliyomo kwenye chupa za maabara zilizofungwa bila vijidudu. Ndiyo maana chupa husafiri kirahisi kuliko viazi. Sheria za nchi yako kuhusu mimea na mbegu bado zinakuhusu, kwa hiyo uliza idara ya afya ya mimea kabla ya kulipa, si mzigo ukishazuiwa.

Mahali bora kuliko pote ni kwenye vyama vya wakuzaji. Australasian Native Orchid Society ya Australia na Hardy Orchid Society ya Uingereza zina watu ambao wamelea koo zilezile za mimea kwa miongo, na viazi vya ziada hupita mkono kwa mkono. Utapata mmea uliokwishazoea chungu, na juu yake mtu wa kumwuliza. Vitalu vya wataalamu vinafuata. Vingi hutoa orodha mara moja kwa mwaka wakati viazi vimelala, na vilivyo adimu huisha ndani ya siku chache. Weka kumbukumbu ya mwezi huo. Chupa za maabara niziweke za tatu, kwa sababu miche yake imelelewa kwenye sukari na hewa iliyofungwa, na kuihamishia udongoni kunahitaji mkono uliozoea.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: nusudunia, yaani kama uko kaskazini au kusini mwa ikweta. Kiazi cha Pterostylis kutoka Australia kikilala mwezi wa 12 kinajiandaa kuamka mwezi wa 3. Ukikipeleka Ulaya, mwezi wa 3 huko ni mwanzo wa joto. Kiazi kikubwa kinaweza kuvumilia kucheleweshwa. Kiazi cha Corybas, kwa udogo wake, husinyaa kikisubiri. Nunua kwa mkuzaji wa nusudunia yako, hata kama bei imesimama juu kidogo.

Hatua ya 3: Pokea, kagua, tenga

Fungua kifurushi juu ya karatasi nyeupe. Bonyeza kila kiazi kwa kidole, polepole: kizima ni kigumu, kilichooza hupondeka. Kilichosinyaa kidogo kama zabibu kavu usikitupe. Kikipata unyevu mara nyingi hujaa tena. Angalia unga mweupe kama pamba kwenye mikunjo, hiyo ni dalili ya vidung'ata. Mimea yenye majani iweke mbali na mingine kwa wiki sita. Na andika lebo siku hiyohiyo, kwa penseli, maana wino hufutika juani: jina, tarehe, aliyekupa.

Hatua ya 4: Chungu na udongo

Kwa okidi zenye viazi, mchanganyiko unaonifaa ni mchanga wa chembe kubwa sehemu mbili, udongo wa juu wenye rutuba ya kiasi sehemu moja, na mboji ya majani iliyochekechwa sehemu moja. Mchanga uwe wa milimita 1 hadi 3, uuoshe mpaka maji yatoke safi. Usitumie wa pwani. Chumvi yake haiishi kwa kuosha mara moja. Mtihani ni rahisi: loanisha konzi moja, ifinye, kisha ifungue. Ikibaki donge kama matofali, ongeza mchanga. Ikimwagika yote, ongeza mboji. Inatakiwa ishikane kisha ipasuke ukiigusa.

Habenaria radiata ni ya kinamasi, haitaki udongo huu. Ipande kwenye sfagnamu, ile mimea laini ya vinamasini inayonyonya maji kama sifongo, iliyochanganywa na mchanga kidogo. Okidi vito pia hupenda sfagnamu, ila kwao ichanganye nusu kwa nusu na pelaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kupitishia hewa) au vipande vidogo vya magome, uiweke kwa kulegeza, usiishindilie. Mizizi yao ni minene yenye vinyweleo na hufa isipopata hewa.

Chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 10 hadi 13 kinatosha. Cha udongo ni kizuri kwa macho lakini hukauka upesi na kuhifadhi chumvi kwenye kuta. Ziba matundu ya chini kwa kipande cha neti ya dirisha, maana konokono uchi huingilia huko, na usiku mmoja wa konokono mmoja unatosha kumaliza chungu kizima cha Corybas.

Mbolea? Karibu usiitumie. Chumvi ikizidi, mizizi huungua na kuvu nayo hukimbia. Mboji ya majani ndani ya udongo inatosha kwa zenye viazi. Okidi vito unaweza kuzipa mbolea ya maji iliyopunguzwa hadi robo ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja kwa mwezi zikiwa zinakua.

Hatua ya 5: Kupanda

Jaza chungu mpaka zibaki sentimita 4 kufika ukingoni. Panga viazi juu, kimoja mbali na kingine kwa upana wa kidole. Corybas zinaweza kukaa 10 hadi 15 kwenye chungu kimoja, na hupenda kuwa pamoja. Tafuta jicho, kile kidoti kilichochongoka, likae juu. Usipoliona, kilaze kiazi ubavu. Chipukizi litajua pa kwenda. Funika kwa sentimita 2 hadi 3 za udongo. Kama una udongo wa chungu cha zamani kilichostawi spishi hiyohiyo bila ugonjwa, nyunyiza kijiko chake juu ya viazi, kwani ndimo ilimo kuvu.

Kisha juu kabisa weka matandazo. Wakuzaji wa Australia hutumia majani ya mvinje yaliyokatwakatwa, na sijaona kinachoyashinda: hayashikani, hayaozi haraka, hupitisha maji, na huzuia matone yasirushe udongo kwenye majani yaliyolala chini. Safu ya nusu sentimita inatosha. Sindano za msonobari zilizokatwa zinafaa pia.

Okidi vito ni rahisi kuliko hivyo. Laza shina juu ya mchanganyiko, libane kwa waya uliokunjwa kama pini ya nywele, na uache kichwa chenye majani kisimame. Usilifukie. Shina lililofukiwa huoza likianzia kwenye kifundo.

Hatua ya 6: Msimu wa kuamka

Maji kwanza. Ya mvua ndiyo bora. Ukilazimika kutumia ya bomba, nunua kipima chumvi kidogo cha mkononi. Chini ya sehemu 100 za chumvi kwa milioni ya maji huna wasiwasi, na yakizidi sana hapo changanya na ya mvua. Kwa zinazoota wakati wa baridi, subiri usiku uanze kupoa kweli, kisha loanisha chungu mpaka maji yatoke chini. Baada ya hapo udongo uwe na unyevu daima bila kutota: ukigusa kidole kitoke na chembe chache, si na tope. Mwagilia asubuhi. Rozeti, yaani duara la majani lililo chini, ikilala na maji usiku kucha kwenye hewa iliyosimama huota ukungu wa kijivu, na huo ukishika shingo ya mmea hakuna dawa.

Kivuli cha asilimia 50 hadi 70 kinazifaa Pterostylis na Corybas. Majani yakiwa marefu, membamba na shina likilala, mwanga ni mdogo. Yakipauka na kukaza, umezidi. Okidi vito huridhika na mwanga wa dirishani usioguswa na jua, au taa ndogo ya LED saa 12 kwa siku. Jua la moja kwa moja huwafuta ile dhahabu.

Hewa ni jambo linalopuuzwa mno. Feni ndogo inayopepea kwa mbali huzuia magonjwa mengi kuliko chupa yoyote ya dawa. Dawa za kuua kuvu zenyewe zikae mbali. Hazitofautishi kuvu mbaya na ile inayoilisha okidi yako.

Corybas zina tatizo lao. Kitumba hutokea, unakihesabu kila asubuhi, kisha siku moja kimekauka kikiwa na ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Hewa kavu ndiyo sababu. Vitumba vikitokea tu, funika chungu kwa mtungi wa kioo au chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ukiacha upenyo mdogo. Ua likishafunguka uondoe taratibu.

Na Pterostylis ikitoa ua, jipe raha: gusa mdomo wake kwa unyoya wa nyasi. Utaruka na kujifunga ndani ya kofia papo hapo. Porini ndivyo unavyomnasa kijinzi, naye akitafuta pa kutokea hulazimika kusugua chavua. Utafunguka tena baada ya muda. Wageni wa nyumbani wasiojali mimea huamka hapo.

Vidukari hujificha ndani ya maua na chini ya majani. Waondoe kwa brashi laini iliyolowa maji ya sabuni. Kisu cha kukatia kipitishe motoni kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri na utomvu na havina tiba.

Hatua ya 7: Kulaza

Majani yakianza njano kwenye ncha, huo ni mwaliko wa kupunguza maji, si wa kuongeza. Punguza nusu kwa wiki mbili tatu, kisha acha. Majani yakikauka kabisa yavute. Yakitoka bila kukataa, mmea umelala. Hamishia chungu mahali penye kivuli, pasiponyeshewa, na ukilaze ubavu kama una watoto au jamaa wenye mazoea ya kumwagilia kila wanachokiona. Mimi hulaza.

Kukauka kuna viwango. Pterostylis huvumilia udongo mkavu. Corybas hazivumilii mpaka mwisho, viazi vyake ni vidogo mno. Nyunyizia juu kwa mvuke mwembamba kila baada ya wiki mbili hivi, udongo usiwe vumbi tupu. Zinazolala wakati wa baridi kama Habenaria radiata huhifadhiwa mahali pa baridi pasipoganda, sfagnamu ikiwa na unyevu wa kubahatisha tu. Stenoglottis hupumzika kavu baada ya kutoa maua, mpaka machipukizi mapya yaonekane yenyewe.

Hamu ya kufukua "kuona kama kipo" ni kubwa. Izuie. Niliwahi kufukua chungu kimoja mara tatu katika mwezi mmoja, na mara ya tatu nilikata jicho la kiazi kwa ukucha wangu mwenyewe.

Hatua ya 8: Kuhesabu na kuzidisha

Kuna siku moja ya halali ya kufukua: katikati ya usingizi, mara moja kwa mwaka au kila miaka miwili. Mwaga chungu juu ya chekeche na utikise taratibu. Kiazi cha msimu uliopita utakikuta ganda la kahawia, tupu. Mbadala wake ni mweupe na umejaa. Spishi zinazoishi kwa makundi huongeza na vitoto, vilivyobebwa kwenye nyuzi nyembamba hadi ukingoni mwa chungu, hivyo chunguza kuta kabla ya kutupa udongo. Andika idadi kwenye lebo. Ukipanda 10 ukapata 18, usibadilishe chochote. Ukipanda 10 ukapata 7 vidogo, mmea ulilala mapema mno: ulikosa mwanga, au ulikatiwa maji kabla majani hayajamaliza kujaza kiazi.

Okidi vito huzidishwa kwa kukata shina lenye vifundo viwili au vitatu, kidonda kikauke siku moja, kisha lilazwe kwenye sfagnamu yenye unyevu.

Mbegu ni safari ndefu, lakini ndiyo inayokupa mimea mipya kabisa. Chukua vifurushi vya chavua kwa ncha ya kijiti cha meno na uvigusishe kwenye stigma, sehemu inayopokea chavua, ya ua la mmea mwingine wa spishi hiyohiyo. Kifuko kikivimba, kifunge kimfuko cha karatasi ya chai kabla hakijapasuka. Maabara huziotesha kwa namna mbili: kwenye aga, ile jeli ya mwani ya maabarani, yenye sukari na madini, njia ambayo Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell aliionyesha mwaka 1922, au kwenye aga ya unga wa oti pamoja na kuvu yenyewe. Jikoni pa kawaida uchafu utakushinda. Njia ya nyumbani ni chungu mama: mwishoni mwa usingizi, kabla ya maji ya kwanza, changanya mbegu na kijiko cha mchanga mkavu mwembamba na uzinyunyize juu ya matandazo ya chungu ambamo wazazi wake wanaishi na kuvu yao, kisha mwagilia kwa ukungu wa maji, si kwa kopo.

Miezi michache baadaye, kati ya majani makubwa, utaona vijani kama vichwa vya pini. Mwaka huo usikichekeche chungu hicho. Viazi vyake vya kwanza ni vidogo kuliko matundu ya chekeche, na vinahitaji misimu miwili au mitatu kabla ya kufikia ukubwa wa kushikika.